Hewa Ikikatika: Flapu za Kupulizwa na Ndege za Viwanja Vifupi

Jioni moja mwezi uliopita, nyuma ya nyumba yetu hapa Tanga, niliwasha feni mbili za kusimama zilizopangwa bega kwa bega. Mbele yake niliweka mirija ya soda mamia kadhaa, iliyogundishwa pamoja kama sega la nyuki ili upepo utoke umenyooka, kisha nikakaa kulitazama bawa la plaiwudi lenye urefu wa sentimita 80. Juu ya bawa hilo nilikuwa nimebandika vipande vya uzi wa kufumia, safu kwa safu, kuanzia ukingo wa mbele hadi kwenye flapu, yaani kile kipande cha nyuma kinachokunjwa kuelekea chini wakati ndege inapopaa na inapotua. Flapu ilikuwa imekunjwa digrii 60. Nyuzi za mbele zililala kwa utulivu kufuata upepo, lakini zile za kwenye flapu zilichezacheza ovyo, nyingine zimegeuka kabisa na kuelekea mbele, dalili kwamba hewa ilikuwa imekwisha kuliacha bawa na kubakiza nyuma yake mizunguko isiyobeba kitu.

Hapo nikawasha blowa mbili, za aina ile ile wanayotumia mafundi kupulizia vumbi kwenye kompyuta. Mipira yake huingiza hewa ndani ya bawa na kuitoa kupitia mwanya mwembamba usiofika milimita moja, mahali hasa flapu inapoanza kujikunja. Nyuzi zote za kwenye flapu zikalala mara moja, zikashuka nayo kama nywele zilizochanwa. Mizani ya jikoni niliyoliwekea bawa hilo ilikuwa imepungua gramu 350 hivi kwa sababu ya bawa kujiinua. Sasa ikapungua zaidi ya 600. Sehemu ya ongezeko hilo ni msukumo wa hewa ya blowa yenyewe inapoelekezwa chini, lakini sehemu kubwa ilitoka kwenye upepo wa feni, ule ule uliokuwa ukipita pale tangu mwanzo bila kutumika ipasavyo.

Siku mbili baadaye bawa hilo hilo lilinionyesha jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kiini cha kazi yote ya kusanifu flapu za kupulizwa, nami nitalifikia. Kwanza niseme kwa nini mtu ahangaike na mwanya wa milimita moja.

Ndege huhitaji uwanja mrefu kwa sababu huhitaji kasi. Kani ya kuinua hukua kwa mraba wa kasi, nao umbali wa kukimbia ardhini, msukumo wa injini ukiwa ule ule, hukua karibu kwa mraba wa kasi ya kupaa. Anayetaka kufupisha uwanja, basi, hana budi kushusha kasi ambayo bawa linaanza kubeba uzito wote. Atapunguza uzito, au ataongeza eneo la bawa, au ataifanya kila mita ya mraba ya bawa ibebe zaidi. Kupunguza uzito ni kupunguza abiria na mizigo, ambayo ndiyo sababu ya ndege kuwapo. Kuongeza eneo la bawa ni kujitwisha bawa kubwa safari nzima, likiburuta hewa na kuitikisa ndege kwenye kila wingu, kwa ajili ya dakika chache za mwanzo na mwisho. Inabaki njia ya tatu.

Wahandisi hupima ubebaji wa bawa kwa namba isiyo na kizio, ambayo hapa nitaiita namba ya ubebaji. Bawa la kawaida lisilo na flapu hufikia kama 1.5 kabla hewa haijalikimbia. Flapu nzuri zenye mianya miwili au mitatu hulifikisha karibu 3. Flapu za kupulizwa hulipeleka hadi 5, 6, hata zaidi. Chukua ndege ya tani 20 yenye bawa la mita za mraba 80. Ikiwa namba ya ubebaji ni 2.5, katika usawa wa bahari bawa hilo haliwezi kubeba uzito huo chini ya mita 40 kwa sekunde, yaani kilomita 144 kwa saa. Namba hiyo ikiwa 5, kasi hiyo ya ukomo inashuka hadi mita 28 kwa sekunde, kama kilomita 102 kwa saa, na umbali wa kukimbia ardhini unakatika karibu nusu.

Hesabu hiyo ni ya huku kwetu pwani. Uwanja wa Wilson jijini Nairobi uko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na siku ya joto la digrii 28 kila mita ya ujazo ya hewa ya pale ina uzani wa kilo 0.96 hivi, ikilinganishwa na kilo 1.225 za hewa sanifu ya usawa wa bahari. Ndege yetu ya mfano, yenye namba ya ubebaji ya 2.5, ingehitaji mita 45 kwa sekunde badala ya 40, na umbali wake ungeongezeka zaidi ya robo kwa sababu ya kasi pekee, kabla hatujahesabu kwamba injini nayo hukosa pumzi katika hewa nyepesi kama hiyo. Ndiyo maana rubani wa nyanda za juu huwahi kuondoka alfajiri, na ndiyo maana naamini habari hii inatuhusu sisi zaidi ya wengi ambao viwanja vyao virefu viko karibu na bahari.

Sasa, kwa nini hewa hulikimbia bawa? Hewa inayopita juu ya bawa huharakishwa kwanza, kanieneo yake ikashuka, kisha inapoelekea ukingo wa nyuma hulazimika kupunguza mwendo na kurudi kwenye kanieneo ya kawaida. Ni kama baiskeli inayoshuka bonde na kisha kupanda upande wa pili kwa kasi iliyoipata kwenye mteremko. Shida iko kwenye utando mwembamba wa hewa unaogusa uso wa bawa. Msuguano umeula mwendo wake, kwa hiyo unafika kwenye mpando ukiwa umechoka. Flapu ikikunjwa digrii 20 utando huo bado unajikokota hadi mwisho. Ikikunjwa digrii 60 mpando unakuwa mkali mno, utando unasimama, unarudi nyuma, na hewa yote iliyo juu yake inajitenga na uso wa flapu. Hayo ndiyo yaliyoonyeshwa na nyuzi zangu zilizogeuka mbele.

Dawa ni kuupa utando ule nguvu mpya mahali pale pale unapoishiwa. Hewa yenye kasi kubwa ikitolewa kwa wembamba sambamba na uso uliopinda, hung'ang'ania uso huo, kwa sababu jeti, yaani mkondo huo wa hewa ya kasi, hunyonya hewa iliyo kando yake na upande wa uso hakuna hewa nyingine ya kuja kujaza nafasi. Kanieneo inashuka hapo katikati, na hewa ya nje inaisukuma jeti iulalie uso. Tabia hii imepewa jina la Henri Coandă, Mromania aliyeipatia hataza huko Ufaransa katika miaka ya 1930. Jeti hiyo hufagia utando uliochoka na kuuburuta hadi mwisho wa flapu.

Kiasi cha kupuliza nacho kina namba yake. Unazidisha kilo za hewa zinazotoka kila sekunde kwa kasi yake ya kutokea, kisha unagawanya kwa zao la kanieneo ya mwendo wa ndege (nusu ya uzani wa mita ya ujazo ya hewa mara mraba wa kasi) na eneo la bawa. Katika ndege yetu ya tani 20, kilo 5 za hewa kila sekunde zikitoka kwa mita 400 kwa sekunde hutoa niutoni 2,000. Ndege ikiruka kwa mita 28 kwa sekunde, namba ya pulizo inakuwa kama 0.05. Kiasi hicho kidogo, kikitumiwa kwenye mwanya uliotengenezwa vizuri, kinaweza kutosha kuifanya hewa isiiache flapu, na hadi hapo kila niutoni ya pulizo hurudisha niutoni nyingi za kuinua. Ukiendelea kupuliza zaidi ya hapo, faida bado ipo, kwa kuwa jeti inayotoka ukingo wa nyuma hufanya kazi kama flapu ndefu isiyo ya bati na kulizidishia bawa zima mzunguko wa hewa, lakini bei yake inapanda haraka. Namba ya pulizo ya 1 katika ndege ile ile ingedai takriban niutoni 39,000, jambo ambalo ni sawa na kuigeuza injini nzima kuwa sehemu ya bawa.

Waingereza walithubutu kufanya hivyo. Hunting H.126, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 26 Machi 1963, ilipeleka zaidi ya nusu ya hewa ya injini yake kwenye mianya ya ukingo wa nyuma wa bawa, na iliweza kuruka polepole hadi kilomita 52 kwa saa. Ilikuwa ndege ya utafiti tu. Mabomba ya kupitishia hewa moto yalijaa kila mahali, na injini iliyojitolea kiasi hicho kwa bawa haibaki na mengi ya kuisukuma ndege mbele.

Njia ya kiasi ilitumiwa na ndege za kivita za miaka ya 1950. F-104 Starfighter ya Marekani, iliyoingia kazini 1958, ilikuwa na bawa la mita za mraba 18 tu, kwa ajili ya mwendo wa kasi mara mbili ya sauti. Ili iweze kutua, hewa ilichotwa kwenye kompresa, yaani sehemu inayobana hewa, ya injini yake ya J79 na kupulizwa juu ya flapu. Buccaneer ya Uingereza, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 30 Aprili 1958, ilikwenda mbali zaidi kwa kupuliza ukingo wa mbele wa bawa, flapu, vibawa vya kuilaza ndege upande, na hata mkia, ili itue kwenye manowari ya kubebea ndege ikiwa na bawa dogo linalofaa kuruka chini chini juu ya bahari. Lakini hewa ya kompresa ni hewa iliyoibwa kwenye msukumo, na inaibwa saa ile ile ambayo ndege inaihitaji zaidi. Katika F-104 pulizo lilifanya kazi flapu zilipokunjwa kwa ajili ya kutua tu, si kwa kupaa. Tena rubani alitakiwa aiache injini ikizunguka kwa nguvu hadi magurudumu yaguse ardhi, kwa kuwa akiivuta chini mapema pulizo linakufa, bawa linaacha kubeba, na ndege inaanguka kama tofali mita chache kabla ya uwanja. Hapa tayari lile jambo la pili limeanza kujitokeza, lakini bado halijaonyesha sura yake mbaya zaidi.

Kwa ndege za mizigo wahandisi walitafuta njia isiyo na mabomba mengi. NASA, shirika la anga la Marekani, kupitia kazi ya John P. Campbell katika kituo cha Langley, ilichunguza wazo la kuning'iniza injini chini ya bawa kiasi kwamba moshi wake unapiga moja kwa moja kwenye flapu zilizoshuka, ukapita kwenye mianya yake na kugeukia chini. McDonnell Douglas walilijaribu kwenye YC-15 mwaka 1975, katika shindano la jeshi la anga la Marekani la ndege za mizigo, na leo C-17 yenye injini nne hutua kwa njia hiyo kwenye viwanja vya kama mita 1,070. Boeing, katika shindano lile lile, waliziweka injini mbili juu ya bawa la YC-14, karibu kabisa na kiwiliwili cha ndege, ili moshi utandazwe juu ya bawa na kuifuata flapu iliyopinda. Antonov An-72 ilifuata umbo hilo, nayo ilipata faida ya pili: injini zilizo juu ya bawa hazifyonzi mawe na theluji za viwanja vibovu.

Nizungumzie kidogo ndege moja inayotugusa. DHC-5 Buffalo ya Kanada, ambayo majeshi ya anga ya Kenya na Tanzania yote yameitumia, ina flapu za mianya miwili zinazopigwa na upepo wa propela zake, na wengi wetu tuliokulia karibu na viwanja vya vumbi tunaikumbuka kwa namna ilivyokuwa ikinyanyuka mapema kuliko macho yalivyotarajia. Mwili wa ndege hiyo ndio NASA waliouchagua kwa majaribio mawili makubwa ya fani hii. Kwanza, mwaka 1972, waliruka na Buffalo iliyotiwa injini za Rolls-Royce Spey na bawa ambalo hewa yake ilipulizwa katikati ya flapu mbili, ya juu na ya chini. Kisha mwaka 1978 wakaitoa ndege ya utafiti iitwayo QSRA, Buffalo nyingine iliyovishwa bawa jipya lenye injini nne ndogo juu yake. Mwaka 1980 ndege hiyo ilitua na kusimama mara 16 kwenye manowari ya USS Kitty Hawk, na mara nyingine 37 ikagusa na kuondoka, bila kutumia kebo ya kuidaka wala mtambo wa kuirusha. Kila ninapoitazama picha yake naliona umbo la Buffalo niliyoijua utotoni, pua ile na mkia ule mrefu, na nafurahi.

Sasa nirudi Tanga, kwenye jambo la pili.

Baada ya mizani nilitaka kuona kama bawa lingetulia, kwa hiyo nililitoboa katikati na kulitia kwenye fimbo ya chuma, likawa huru kulala kulia au kushoto. Kila upande ulikuwa na blowa yake. Mpwa wangu ndiye aliyekuwa akiandika vipimo. Likiwa linapuliza pande zote mbili bawa lilikaa sawa, likitetemeka kidogo tu. Kisha plagi ya blowa ya kushoto, iliyokuwa imelegea kwenye ekstensheni, ikachomoka. Sikupata hata nafasi ya kunyoosha mkono. Bawa lilijibwaga kushoto kwa nguvu, ncha yake ikagonga meza na ukingo wa mbele ukapasuka urefu wa kiganja. Mpwa wangu aliliangalia kwa muda, kisha akasema, "Mjomba, kumbe si upande uliokufa unaopindua. Ni ule mzima."

Alikuwa amesema kweli yote. Katika ndege ya kawaida yenye injini mbili, moja ikizimika pua huvutwa upande na rubani huirudisha kwa usukani wa mkia. Mabawa yote mawili bado yanabeba. Katika ndege ya flapu za kupulizwa, injini inapokufa bawa moja hupoteza sehemu kubwa ya ubebaji huku la pili likiendelea kuinuka kwa nguvu zote, na hayo hutokea ndege ikiwa polepole, karibu na ardhi, wakati ambapo vibawa vya kuilaza ndege navyo ni dhaifu kwa sababu upepo unaovipitia ni mdogo. Ndiyo sababu nashikilia kwamba msanifu asianze na namba ya ubebaji anayoitamani. Aanze na injini moja ikiwa imekufa, apime ni kiasi gani cha kupinduka anachoweza kukizuia kwa vidhibiti alivyo navyo, kisha arudi nyuma na kuuliza ni pulizo kiasi gani analoruhusiwa. Kasi ya kutua iliyoandikwa kwenye tangazo inapaswa kutokana na hesabu hiyo, si ile ya injini zote zikiwa nzima.

Ukizitazama tena zile ndege kwa jicho hilo, maumbo yake yanaanza kusema. Injini za YC-14 zilibanwa karibu na kiwiliwili ili, moja ikifa, pengo la ubebaji liwe karibu na katikati na mkono wa kupindua uwe mfupi. Breguet 941 ya Ufaransa, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1961 ikiwa na propela nne kubwa zilizopulizia upepo karibu bawa zima, iliunganisha propela zote kwa shafti moja inayopita ndani ya bawa, kwa hiyo injini yoyote ikizimika propela zote nne ziliendelea kuzunguka sawa na bawa halikujua tofauti ya kulia na kushoto. Shafti hiyo ilikuwa na uzito na matunzo yake, na ndege chache sana za aina hiyo ziliundwa, lakini kwa maoni yangu ni mojawapo ya majibu ya uaminifu zaidi kuwahi kutolewa katika fani hii. Msanifu wake hakutegemea wepesi wa mikono ya rubani.

Wajapani walichagua jibu jingine. Ndege yao ya baharini PS-1, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1967, na wajukuu wake hadi US-2 ya leo, ina injini ya tano ndani ya kiwiliwili, isiyosukuma ndege hata kidogo. Kazi yake ni kusukuma hewa ya kupuliza flapu na vidhibiti vya mkia. Injini nne za propela zinaweza kupandishwa na kushushwa rubani apendavyo, na pulizo halitikisiki. US-2 hupaa ndani ya mita 280 hivi za maji na kutua ndani ya mita 310 hivi, na inaweza kufanya kazi kwenye mawimbi ya mita 3. Mtu aliyewahi kuvuka kwenda Pemba kwa mashua siku ya upepo anajua wimbi la mita 3 ni nini. Pigo la maji kwenye tumbo la ndege hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo ndege ya baharini inayotua polepole huokoa zaidi ya uwanja. Huokoa mwili wake wenyewe. Na injini ile ya tano ikifa, pande zote mbili hupoteza pulizo kwa pamoja. Ndege itashuka ghafla, haitapinduka, na kushuka huko kunaweza kuwekewa akiba ya kasi.

Yako mengine ambayo msanifu hawezi kuyakwepa, nami nitayagusa kwa haraka. Ubebaji mwingi kwenye flapu husukuma bawa kutoka nyuma, hivyo pua inataka kuinama, na mkia lazima uwe mkubwa na uwekwe juu, mbali na hewa inayoteremka kwa nguvu nyuma ya bawa. Ndiyo maana ndege nyingi za aina hii zina mkia wenye umbo la herufi T. Flapu zinazopigwa na moshi zinahitaji metali inayostahimili joto na mtikisiko wa miaka. Karibu na ardhi, jeti inayogonga uwanja inaweza kupunguza ubebaji sekunde ile ile ya kutua. Naye rubani hujikuta katika kasi ambayo kupunguza mwendo huongeza mburuto badala ya kuupunguza, kwa hiyo hutumia injini kupanda na kushuka, na pua kurekebisha kasi, kinyume na mazoea ya wengi. Hata akiba yake ya usalama hubadilika maana. Rubani wa ndege ya kawaida hukaribia uwanja akiwa na asilimia 20 hadi 30 juu ya kasi ya ukomo, lakini katika ndege hizi kasi ya ukomo yenyewe hupanda na kushuka pamoja na injini, na asilimia ya kitu kinachohama haimwambii rubani yuko salama kiasi gani.

Mota za umeme zimeirudisha habari hii mezani. NASA walipanga kuipa X-57 Maxwell propela ndogo 12 kwenye ukingo wa mbele wa bawa, ingawa mradi ulifungwa mwaka 2023 bila ndege hiyo kuruka. Mwaka huo huo kampuni ya Electra ya Marekani iliirusha EL-2 Goldfinch, ndege ndogo yenye propela 8 za umeme zinazopuliza bawa na flapu, ikichajiwa angani na jenereta ya mafuta, na baadaye ikapaa ndani ya umbali usiofika mita 60. Kinachonivutia hapo si ufupi wa uwanja pekee. Moja kati ya propela 8 ikifa, pengo ni dogo, na kompyuta inaweza kupunguza ya upande wa pili kabla bawa halijaanza kulala. Shafti ya Breguet imegeuka kuwa waya. Betri na nyaya zake zinaweza kufa kwa namna ambazo shafti haikuzijua, kwa hiyo swali lile lile, la nini hutokea kimoja kikifa, linatakiwa kuulizwa upya kuanzia kwenye swichi ya kwanza.

Bawa langu nililigundisha, na wiki iliyopita nikaliwekea bomba la maji la nusu inchi linalounganisha pande zote mbili, ili kila blowa ilishe bawa zima. Kwenye kila mdomo wa blowa nilitia kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kinachojifunga hewa ikitaka kurudi nyuma, kwa sababu bila hicho blowa iliyokufa ingegeuka kuwa tundu la kuvujisha. Nilijua pia kwamba hasara isingekuwa nusu. Mwanya ni ule ule, kwa hiyo hewa ikipungua nusu, kasi yake ya kutokea nayo hupungua nusu, na pulizo, ambalo ni zao la hivyo viwili, hubaki robo.

Mpwa wangu alichomoa plagi kwa mkono wake safari hii. Bawa lilitikisika, likashuka kidogo, likabaki limenyooka kwenye fimbo. Nyuzi za katikati zilibaki zimeilalia flapu. Za nchani, upande wa kushoto, zilianza kuchezacheza tena, kwa kuwa bomba la nusu inchi ni jembamba na hewa inafika kule ikiwa imepungua kanieneo. Nimekwisha kununua bomba la inchi moja.